Mafua ya Mzee wa Hewa

Kama uliwahi kununua saa ya ukutani Mchafukoge enzi zile za ruksa, bidhaa za nje zilipojaa madukani, ukaitundika sebuleni kwa mbwembwe, nayo ikafa kabla wageni hawajaiona, basi huenda ulimfahamu. Mtaani tulimwita Mzee wa Hewa. Jina lake halisi liliandikwa juu ya mlango kwa rangi nyekundu, chini ya jina la marehemu baba yake, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia. Hata mkewe alimwita "huyu".

Mimi nilikuwa na duka la nyuzi, vifungo na zipu, ukuta mmoja na lake. Kwetu ni Machame. Nimekulia kwenye migomba na maji ya mfereji yanayouma meno, sijui kuogelea na sina haja ya kujua. Mungu ana utani wake, nikaolewa na mpiga mbizi. Baba Neema alifanya kazi chini ya meli pale bandarini: kukwangua uchafu ulioganda, kukata kamba zilizojiviringisha kwenye pangaboi, kutafuta vitu vilivyodondoka. Na hewa aliyoivuta huko chini ilitoka kwenye mashine iliyokuwa nyuma ya duka la mtu yule yule aliyeniuzia saa mbovu. Kwa hiyo nilimchunguza Mzee wa Hewa kuliko nilivyowahi kuwachunguza wakwe zangu, na kadiri nilivyomchunguza ndivyo alivyonichanganya.

Duka lake lilikuwa na pazia katikati. Mbele ya pazia kulikuwa na bidhaa za Dubai: saa, tochi, redio, vikokotoo, betri zilizoandikwa majina yanayokaribia majina ya betri za kweli. Huko mbele alidanganya bila kupepesa macho, tena kwa raha, kama mtu anayekula karanga. Siku moja nilimsikia mteja akilalamika.

"Mzee, saa yako imesimama."

"Umeitundika ukuta gani?"

"Wa sebuleni. Upande wa mashariki."

"Ndiyo hivyo basi," akasema kwa huzuni ya kweli kabisa. "Hiyo ni ya magharibi."

Na yule mtu akanunua nyingine. Mwanaume mzima, na suruali yake imepigwa pasi! Saa yangu mimi haikusimama, ilikimbia. Nilipomrudishia alinitazama kwa upole akaniambia, "Mama Neema, saa inayokimbia inamfaa mfanyabiashara. Utawahi kila mahali." Nilirudi nayo nyumbani. Sijui alinifanyaje.

Nyuma ya pazia alikuwa mtu mwingine. Kule kulikuwa na kompresa, mashine ya kijani isiyozidi kimo cha meza, yenye vichwa vitatu na mabomba membamba yaliyojikunja. Hiyo si ya kujazia upepo kwenye matairi. Inaikandamiza hewa mpaka mtungi mmoja mfupi unabeba pumzi ya mtu ya muda mrefu. Kule Mzee hakutania. Alivua viatu kabla ya kuingia, kama anaingia hekaluni. Mitungi aliizamisha kwenye pipa la maji wakati wa kuijaza ili isipate moto, na aliijaza polepole hata wateja wakasinzia. Kila baada ya muda alifungua vijibomba vya chini, mashine ikatema maji machafu kwa kelele, naye akasema, "Mwache akojoe. Asipokojoa, maji hayo yataingia kwenye mapafu ya mtu." Aligusa kila kichwa kwa mgongo wa mkono. Kama kile cha mwisho kilichelewa kupanda joto, alijua ni vali ya kipi imechoka, na hakuna mtungi uliotoka mpaka aibadilishe. Mkaa wa kwenye chujio aliutupa mapema kuliko kitabu cha mashine kilivyotaka, kwa sababu, alisema, kitabu kiliandikwa na watu wa nchi kavu zenye baridi, hawakuwahi kuishi Dar mwezi wa tatu.

Mtungi ukijaa, alitandika kitambaa cheupe juu ya kiganja, akakipulizia hewa ya mtungi, akakipeleka dirishani kukikagua. Kikibaki cheupe, alivuta pumzi ya kwanza yeye mwenyewe kwa pua, macho amefumba. Niliwahi kumuuliza kwa nini ananusa, wakati Baba Neema aliniambia moshi unaoua hauna harufu.

"Kweli hauna," akasema. "Lakini hautembei peke yake. Ukitoka kwenye jenereta, unakuja na harufu ya petroli. Ukitoka kwenye oili iliyoungua, unakuja na harufu ya oili. Mimi nawanusa wenzake."

Ndiyo maana akiwa na mafua hakufungua. Hili watu wa mbali walidhani ni hadithi, lakini mimi nililiona kwa macho yangu. Alichungulia kwenye upenyo wa mlango, leso puani, akasema, "Leo nina mafua. Hakuna hewa." Wapiga mbizi walimbembeleza, walimtukana, walimletea limau na tangawizi. Alirudisha mlango. Nilikuwa nalala usingizi mzuri siku hizo, maana kama mzee anafunga biashara yake kwa sababu ya pua, mume wangu yuko salama. Kesho yake nilimsikia akimwambia mama mmoja kwamba redio ya plastiki imetengenezwa kwa mti wa mninga, na usingizi wangu ukaharibika tena.

Ugomvi wake na majirani ulikuwa mwingi na wote ulihusu bomba. Mashine ilivuta hewa kupitia bomba refu lililopanda ukutani hadi juu ya paa, mdomo wake umeinamishwa chini na kufungwa wavu. Yeyote aliyefanya moshi karibu na bomba hilo alikuwa adui yake. Alimfokea muuza mishikaki. Mgao wa umeme ulipozidi na kila mwenye duka akanunua jenereta, alipanda ngazi na kushuka siku nzima, mkono mmoja ameshika kiuno, akiangalia upepo unapeleka wapi moshi wa nani. Mwenye saluni ya ghorofa ya pili alipandisha jenereta lake kule juu na hakutaka kulishusha. Mzee hakubishana naye. Alimpelekea zawadi ya saa ya ukutani, ile inayolia kengele kila baada ya muda mfupi. Baada ya siku chache yule dada alishusha jenereta akisema hakuna kitu anachotaka zaidi ya kuachwa kwa amani, na saa akairudisha.

Halafu kila asubuhi mkewe aliwasha ubani pale pale dukani! Nilimwambia, mzee, wewe unamkataza mtu kuchoma nyama na ndani kwako kunafuka. Akanijibu kwamba ubani unawashwa mashine ikiwa imezimwa, na madirisha yanafunguliwa, na anasubiri. "Mungu nampa muda wake," akasema, "na hewa naipa muda wake."

Kulikuwa pia na zile kompyuta. Mara ya kwanza Baba Neema aliposema anapeleka kompyuta kwa Mzee nilitegemea kitu kama televisheni. Kumbe ni saa nene ya mkononi. Mpiga mbizi anashuka nayo, nayo inamhesabia kina na muda, inamwambia apande taratibu kiasi gani na apumzike muda gani juu kabla ya kushuka tena, ili ile hewa iliyojikandamiza mwilini itoke salama. Zilikuja na wazungu wa mahoteli, zikaanza kuuzwa na wafanyakazi wao, na kwa kuwa jasho na chumvi vilizifanya zijiwashe zenyewe hata kabatini, betri hazikudumu. Mzee alisugua vile vichuma vya ubavuni kwa mswaki laini, akapaka kijipete cha mpira mafuta kidogo sana, akaweka betri nzuri. Betri hizo hakuzitoa mbele ya pazia. Zilikuwa kwenye kopo chini ya kiti chake.

Tatizo ni kwamba akishaweka betri, hakukupa saa yako. Ilibidi ulale bila hiyo. Watu walidhani anaringa, wengine wakasema anazikodisha. Nami nilikwenda siku moja kumgombeza, maana Baba Neema alikuwa na kazi jioni.

"Mzee, imepona au haijapona?"

"Imepona."

"Basi nipe."

"Mumeo amezama leo asubuhi?"

"Amezama."

"Ikitolewa betri inasahau kila kitu, Mama Neema. Inadhani mumeo alishinda kitandani. Atashuka nayo, itamruhusu mambo ambayo mwili wake hautaruhusu. Mwili wake haujasahau asubuhi." Akaitia saa kwenye kopo lake, akalifunika. "Mwambie alale, aje kesho. Wawe sawa wote wawili."

Nilirudi nyumbani nikamwambia Baba Neema, na kazi ile akaipa mgongo. Usiku ule nilimpenda sana mzee yule, na nilimchukia kwa kunifanya nimpende.

Jambo jingine ambalo sikuwahi kulielewa ni kwamba yeye mwenyewe aliogopa maji. Jumapili familia yake ilikwenda ufukweni na vyombo vya chakula, watoto wakachezea mchanga, naye akabaki ndani ya gari, vioo vimepandishwa, jasho linamtiririka. Nilimkuta hivyo kwa macho yangu. Nikagonga kioo, akakishusha kidogo tu.

"Shikamoo, mzee. Huendi kupunga upepo?"

"Marahaba. Upepo ninao nyumbani," akasema, akapandisha kioo.

Sasa nifike kwenye siku ile.

Asubuhi ilianza na mlango uliofungwa. Mimi mwenyewe nilisikia sauti yake kwenye upenyo ikimwambia mume wangu, "Nina mafua. Hakuna hewa." Baba Neema aliondoka na mitungi mitupu kwenye kitoroli, hakuaga. Mchana nikaletewa habari kwamba mwenzake, Shabani, amepandishwa kutoka chini ya meli akiwa hajitambui. Walikuwa wakikata kamba pamoja. Baba Neema alikuwa amepanda kuchukua msumeno mwingine, akaona kichwa kinamgonga na maneno hayamtoki vizuri, akavuta kamba aliyofungiwa Shabani kiunoni kwa hofu tu. Alipovuliwa kinyago Shabani alikuwa amelegea. Alikimbizwa hospitali.

Jioni wapiga mbizi walikuja mtaani kwa hasira, mmoja amebeba mtungi wa Shabani begani. Baba Neema alikuwa katikati yao, macho mekundu, anatapika mate. Nilimshika mkono, nikasimama naye mbele ya duka la Mzee, na moyoni nilisema, leo nitajua huyu mtu ni nani.

Mzee alitoka. Hakuuliza kitu. Alichukua kitambaa cheupe, akafungua mtungi kidogo, akakipulizia hewa yake. Nilikuwa karibu nikaona: kitambaa kilipata doa la njano, na harufu ya oili ya gari iliyoungua ilinifikia hata mimi nisiyejua kunusa. Mzee alikitazama kitambaa. Akamtazama mume wangu, muda mrefu. Kisha akakikunja, akakitia mfukoni mwa shati.

"Ni hewa yangu," akasema. "Niliijaza jana."

Nikadhani walishuka na mitungi iliyobaki tangu jana, lakini sikuamini masikio yangu. Mtu aliyeweza kumwambia mteja ukuta ndio wenye kosa, sasa amekosa neno moja la kujitetea! Mtaa ukajimalizia hadithi wenyewe: mafua yalimwanza jana yake, pua ikamdanganya. Mtu mmoja alitupa jiwe, likavunja kioo cha mbele, saa zikaanguka. Toka siku ile hakuna aliyemletea mtungi. Mahoteli yakatafuta pengine. Baada ya muda ile mashine ya kijani ilitolewa na wabeba mizigo, imefungwa gunia, naye akasimama mlangoni bila viatu mpaka gari likapinda kona.

Kabla haijatolewa, Baba Neema aliniambia ukweli jikoni nikiwa nachambua mchicha. Mitungi haikujazwa na Mzee. Alipokuta mlango umefungwa na meneja wa kazi anamngoja, aliikokota hadi kwenye yadi moja Kurasini ambako jamaa alikuwa na kompresa kuukuu ya aina ile ile, aliyoinunua kwenye mnada, anaitia oili ya gari na chujio lake halijabadilishwa tangu ainunue. Shabani hakujua. Alikuwa anangoja bandarini, akaletewa mtungi, akashuka.

"Mbona husemi?" nikapiga kelele. "Mzee wa watu anakufa njaa!"

"Nilikwenda kusema. Akaniambia ninyamaze." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa. "Akasema nikijulikana, sitapewa kazi tena, na hakuna atakayeshuka na mimi. Akasema, una mtoto, nyamaza."

Nikanyamaza na mimi, nikiwa sielewi kitu. Tapeli wa saa mbovu alikuwa ameuza jina lake kwa ajili ya mume wangu. Nilianza kumpelekea Mzee ndizi mbivu kutoka nyumbani. Alizipokea, na siku ya pili akajaribu kuniuzia tochi.

Shabani alipona, ila si kamili. Anauza viatu vya mitumba Mchikichini. Anaongea vizuri, halafu katikati ya sentensi anasimama, anatafuta jina la kitu alichoshika mkononi. Ukimtajia Mzee wa Hewa, hapo hatafuti maneno. Laana zinamtoka zote kwa mpangilio.

Miaka ikapita. Duka la Mzee likawa la simu. Baba Neema aliacha maji, akaingia nyuma ya kaunta yangu, na kwa kweli anapanga vifungo vizuri kuliko mimi. Nikaja kumwona Mzee tena mwaka huu, kwenye duka la dawa karibu na Posta. Amekonda, shati ni lile lile la mifuko miwili, leso iko puani. Alikuwa akiomba dawa ya mafua. Nilifurahi mno kumwona, na katika kufurahi nikatania.

"Shikamoo, mzee! Leo hakuna hewa?"

Hakucheka. Alinivuta pembeni, karibu na mzani wa kupimia uzito.

"Mama Neema, siku ile sikuwa na mafua."

"Siku ipi?"

"Unaijua. Makasha ya Dubai yalikuwa yanaingia asubuhi ile. Mwenye mzigo hakutaka macho ya watu. Nikamwambia mumeo mafua." Alikunja leso, akaikunjua. "Maneno yangu mengine yote watu waliyabishia. Hilo hawakuwahi kulibishia. Ndiyo maana nilisema hewa ni yangu. Ningefungua, angekwenda Kurasini kufanya nini?"

Nilitaka kumpiga na mkoba. Nasema kweli, mkono ulishajiandaa. Mafua yale ndiyo kitu pekee nilichowahi kukiamini kwake! Wakati huo huo nilimwonea huruma. Nikajikuta nimesimama juu ya mzani, mshale unahangaika.

"Shabani hajambo?" akauliza.

Nikasema hajambo.

Nilifika dukani nikamkuta Baba Neema anapanga zipu kwa rangi. Nikamweleza yote bila kukaa. Hakuinua kichwa.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Nilichungulia kwenye upenyo. Alikuwa na kisu, anafungua kasha, pua kavu. Ndiyo maana niliondoka kwa hasira nikaenda kule."

"Na siku zote hizi hujamwambia mtu?"

"Yeye alijua ya Kurasini, hakusema. Mimi nilijua ya makasha, sikusema."

Miaka yote hii nilikuwa nimemweka mzee yule juu, nikamshusha, nikampandisha, kumbe watu wawili wameshika ncha mbili za kitambaa kimoja. Sikujua kama walilindana au waliogopana. Nikamuuliza hivyo hivyo, naye akasema hata yeye hajui.

"Na Shabani?" nikasema. "Shabani yeye anajua nini?"

Zipu nyekundu ilibaki mkononi mwake mpaka tukafunga duka.

Asubuhi yake alivaa shati la kanisani siku ya kazi. Hakunywa chai. Nilifungua duka peke yangu, na mteja wa kwanza, fundi cherehani wa siku zote, akauliza, "Baba Neema yuko wapi leo, mama?"

Nilifungua mdomo kusema ana mafua. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nikalimeza.

"Amekwenda Mchikichini," nikamwambia. "Kuna jambo amechelewa sana kumwambia mtu."